Mndimu Wako Umechanua, Nami Naogopa

Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote tangu ulipoondoka, na nalitanguliza kabla ujasiri haujaniisha. Siku ile ulipoamka ukakaa kitandani bila kushikwa, ukaomba uji wa ulezi, watu wote nyumbani walifurahi. Mimi niliogopa.

Shikamoo. Ona sasa, nimeanza kusema kabla ya kukuamkia. Ungekuwepo ungekohoa kidogo na kutazama pembeni mpaka nikumbuke, ndipo ungesema, "Marahaba, mwanangu," kama vile hakuna kilichotokea.

Siku ile naikumbuka yote. Miguu yako ilikuwa imevimba kwa muda mrefu kwa sababu ya moyo, na ulikuwa hulali ila kwa kuegemea mito. Asubuhi hiyo uvimbe ulikuwa umepungua, au labda sisi ndio tuliotaka kuuona umepungua. Ulimwambia Mama kwamba uji wake una sukari kama wa kumlaghai mtoto. Ukanituma nikachume ndimu moja kwenye mti wako, ukaikamulia mwenyewe ndani ya kikombe, ukalamba kidole. Baba, aliyekuwa amekuja na Mama kutoka Mikumi kukuuguza, alitoka mbio mpaka sokoni akarudi na jogoo amemkumbatia kifuani. Ukamtazama mdogo wako wewe, ukasema, "Juma, huyo kuku umemnunua au umemposa?" Nyumba nzima ikacheka.

Nami nilicheka. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni nikikutazama macho, na macho yako yalikuwa yanang'aa kupita kiasi. Nikasema moyoni, mtu haponi namna hii. Mtu hupona kidogo kidogo, leo kijiko kimoja, kesho viwili. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, ulikuwa umekwenda. Yule jogoo alichinjwa msibani kwako. Niliwekewa kipande cha paja kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtoto wako. Sikuweza kumeza.

Leo nakuandikia kwa sababu mndimu wako umechanua, matawi yote, mpaka yale membamba, na ninaogopa vilevile kama siku ile.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Nyumba yako ya Kilosa anakaa mpangaji, kijana na mkewe. Wametundika mapazia ya kijani dirishani kwako. Cherehani yako iko hapa Mikumi, sebuleni, imefunikwa ile kanga yako ya zambarau. Mama haigusi. Shabani, mdogo wangu, huzungusha gurudumu lake akidhani hatumwoni, na kila likilia, Baba huinua kichwa haraka kisha hukiinamisha tena. Mimi nimehamishiwa shule ya hapa, kidato cha tatu. Nakaa dawati la nyuma. Wasichana wa darasani si wabaya, ila wanaongea haraka na kucheka kabla sijaelewa, na mapumziko nakaa maktaba. Wananiita Bi Maktaba. Sijakasirika.

Hapa ni kwa baba na mama yangu, lakini tangu nilipoletwa kwako kabla sijaanza darasa la kwanza, ili nawe uwe na mtoto ndani ya nyumba, nilikuwa nakuja hapa kama mgeni wa likizo. Bado ni mgeni. Najua kikombe cha Shabani ni kipi, najua cha Baba ni kipi. Changu sijui. Nachukua kilichobaki.

Kitu pekee nilichokuja nacho ambacho kilikuwa chetu sote wawili ni mndimu.

Ule wa kwanza, uliouotesha ardhini nyuma ya nyumba, naukumbuka kwa mbali. Nakumbuka Mto Mkondoa ulivyofurika, maji yakakaa uani mpaka yakaanza kunuka, na mti ukasimama katikati ya maji umekauka. Jambo hilo lilinishangaza sana utotoni, kwamba mti unaweza kukauka huku umesimama majini. Ulisema hutapanda tena mti usioweza kukimbia. Ukachukua ndoo ya rangi ya lita ishirini, ukatoboa matundu chini kwa msumari wa moto, ukapanda mche wa kubebeshwa, ule wa kuzaa mapema, uliomwagiza mtu Morogoro. Ukauweka barazani kando ya cherehani, na vipande vya vitambaa vya wateja ukavifanya kamba za kufungia matawi. Kwa hiyo mti wetu ulikuwa umevaa kitenge, satini na sare za shule.

Mawingu yakijikusanya upande wa milimani, wengine walianza kunyanyua magodoro na redio. Wewe ulianza na mndimu. Ulishika mkono huu wa ndoo, mimi nikashika kamba iliyofungwa upande ule, na sauti yako ilisikika mtaa mzima: "Nyanyua, Zai, usiburute! Utamvunja kiuno!" Kuna jirani aliyekuuliza siku moja kama huyo mgonjwa wako amepata nafuu. Ukamjibu kwamba si mgonjwa, huyo ni mume. Anakunywa asubuhi na jioni, hana kelele, na bado analeta kitu nyumbani. "Wa kwako je?" ukamuuliza. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, mvua ikimnyeshea.

Masika yote mndimu ulikaa chumbani kwetu karibu na dirisha, juu ya matofali, beseni chini yake. Ukichanua humo ndani hakukuwa na nyuki. Basi ulichomoa unyoya laini wa kuku, ukaupitisha ndani ya ua hili, kisha ndani ya ua lile, polepole, ulimi umeutoa nje kidogo kama unapotia uzi kwenye sindano. Nilikuwa nimeshasoma habari za chavua kwenye kitabu cha baiolojia, nikakueleza kila sehemu ya ua na jina lake. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukanipa unyoya, ukasema, "Haya mshenga, malizia posa."

Na masika yakiisha hukuutoa moja kwa moja. Kwanza chini ya upenu, kivulini kabisa. Baadaye jua la asubuhi peke yake. Baadaye ndipo jua lote. "Mwali hatolewi kwa jua la saa sita," ulisema, na mambo ya mwali uliyajua vizuri kwa sababu ndiwe uliyeniweka ndani mimi. Likizo ile ilikuwa fupi na mvua ilikuwa nyingi, kwa hiyo nilikaa chumba kimoja na mndimu. Nje akina mama walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa naona haya hata mbele ya ukuta. Ukaingia na uji, ukaniambia nimtazame mwenzangu, anakula mwanga wa dirisha na hana habari na mtu. Siku ya kutolewa uliniviringishia kanga mpya, ukanipaka mafuta, ukanishika mkono. Watu walipiga vigelegele, mimi nikitazama vidole vya miguu yangu. Ulininong'oneza, "Hatua ndogo, mwanangu. Hakuna anayekukimbiza."

Hakuna anayeninong'oneza sasa, Shangazi. Hakuna.

Nimeacha kuandika kwa muda. Nimerudi.

Nataka nikueleze kilichotokea msibani kwako, na usimkasirikie mtu. Watu walikuwa wengi kuliko baraza. Sisi wanawake tulikuwa ndani mkekani, wanaume nje kwenye turubai. Ndoo ya mndimu ilikuwa palepale karibu na mlango. Na kwa kuwa majirani wote walikuwa wamekuona miaka yote ukiumwagia mti wako maji ya kuoshea mchele, kila aliyenawa mikono aliona vibaya kuyamwaga maji hovyo chini. Waliyamwaga kwenye mndimu. Nilisikia kupitia dirishani mama mmoja akisema, "Naye apate, ni mfiwa kama sisi." Nilidhani anazungumza juu ya mtu.

Maji ya mchele wako yalikuwa yale ya kwanza tu, yasiyo na chumvi, tena uliyatoa mara mojamoja. Haya yalikuwa maji ya sabuni na mafuta ya pilau. Walinawa asubuhi, mchana na jioni, siku zote za msiba, na tena kwenye arobaini yako. Waliulisha mti wako kwa huruma yao yote. Nilipotoka nikauona, udongo ulikuwa na ukoko mweupe juu na punje za wali zimeshikamana nao. Niliukwangua kwa kijiko, nikatia udongo mwingine juu. Nilidhani inatosha.

Baba aliazima kenta kwa rafiki yake kuja kutuchukua. Kitanda chako, cherehani, sanduku, na mimi nyuma nimeibana ndoo kwa magoti. Njia ile ya Zombo na Masanze unaijua ilivyo na vumbi. Tulipofika Mikumi mimi na mti tulikuwa rangi moja. Mama alinipa maji ya kuoga, nikatumia nusu yake kuyapangusa majani, jani moja moja, kwa kitambaa chenye unyevu kama ulivyokuwa unafanya. Mengine yaling'oka yakabaki mkononi.

Huku mto hauji, Shangazi. Huku wanaokuja ni nyani. Wanashuka watu wakishakwenda kazini, wanakaa juu ya ukuta kama wenye nyumba. Siku ya kwanza tu walivunja tawi, wakalitafuna, wakalitema, wakatuachia uani. Basi mchana tukawa tunaufungia mndimu ndani, jioni nyani wakiondoka tunautoa. Yaani unatoka nje wakati jua limekwisha. Nilijua si sawa, ila sikuona njia nyingine. Na ndani humo kila anayepita anauonea huruma. Mama anaumwagia kikombe akitoka jikoni. Shabani anaumwagia chai iliyobaki. Mimi nami, kila nilipokukumbuka, nilichota maji nikaumwagia, na nilikuwa nakukumbuka mara nyingi kwa siku. Udongo haukupata kukauka hata mara moja.

Majani yakawa ya njano, kisha yakaanza kuanguka mengine yangali mabichi. Nilikuwa nayaokota kabla Baba hajaamka.

Kuhusu Baba. Unajua ni mtu wa maneno machache. Tangu tukuzike akawa hana hata hayo machache. Anakwenda barabarani kwenye kibanda chake cha kuziba pancha, anainama juu ya matairi ya malori ya miwa yatokayo Kidodi, anarudi, anakula, anakaa. Madereva walikuwa wanamtania zamani naye anawajibu. Siku hizi nikipeleka chakula nasikia wao tu. Usiku mmoja Mama alimwambia, "Baba Zai, lia basi, utapasuka."

Halafu asubuhi moja nikasikia sauti yake uani. Anaita. Anaita sana. Nilidhani nyani. Nilipotoka nikamkuta amepiga magoti mbele ya ndoo, na mndimu, ambao jioni iliyotangulia nilikuwa nimeuona na vidoti vyeupe tu, ulikuwa umefunguka wote. Ulikuwa umebaki na majani ya kuhesabika, lakini ulikuwa mweupe. Ile harufu yako, Shangazi. Ile ya chumbani kwetu wakati wa masika. Baba akasema, "Njooni mwone! Dada amekuja kutuona." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu.

Mama Kulwa, jirani yetu wa Kisukuma mwenye ng'ombe, alikuja na kata ya maziwa mkononi, akazunguka ndoo, akasema, "Baba Zai, leo nyumba yako inanukia kuliko bi harusi. Sisi tuliosema mti umekufa tulipe faini." Shabani akapanda kwenye tofali akatangaza kwamba ndimu zote zitakazotoka ni zake, za kulia maembe mabichi na pilipili, atakayetaka aje kwake kuomba. Baba akacheka. Alicheka kwa sauti, Shangazi. Mama alishika mlango kwa mkono mmoja.

Tangu siku hiyo Baba anakunywa chai kwenye kigoda mbele ya ule mti kabla ya kwenda kazini. Juzi madereva walimtania juu ya kofia yake, naye akawaambia wao vichwa vyao vingefaa kuzibia pancha. Nilikuwa nimeshika hotpoti la chakula, nikasimama nyuma ya lori nisimkatize.

Wote walikuwa na furaha, nami nikajikuta tena nimesimama mlangoni.

Kwa sababu nilikuwa nimegusa matawi. Gome lilikuwa limejikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Hakukuwa na chipukizi hata moja la jani. Maua peke yake, juu ya vijiti. Ilinichukua siku kadhaa kupata ujasiri wa kumfuata mwalimu wa baiolojia baada ya kipindi. Aliniuliza swali moja kwanza: majani mapya yapo? Nikasema hakuna. Akaacha kufuta ubao. Akaniambia mti ulioteseka sana mara nyingine huchanua kuliko kawaida, hutoa nguvu ya mwisho ili uache mbegu. "Usimwamini mgonjwa kwa mavazi," alisema. "Nenda kaangalie mizizi."

Nilikwenda nikachimba kwa vidole pembeni mwa ndoo. Shangazi, mizizi ilikuwa ya kahawia na laini. Nilipouvuta mmoja, ngozi yake ilitoka ikabaki mkononi kama ganda la haragwe lililochemshwa. Harufu ya maua ilikuwa juu na harufu ya tambara bovu ilikuwa chini.

Kesho yake mwalimu alinieleza la kufanya. Nikate mizizi iliyooza yote. Niisafishe iliyobaki. Nibadilishe udongo, uwe mwepesi wa kupitisha maji. Nipunguze matawi. Na maua, niyatoe yote, hata moja lisibaki, kwa sababu kila ua linakula akiba ambayo mti hauna. Nikamuuliza kama mti utapona. Hakuniahidi. Alisema nikiyaacha utakufa na maua yake, nikiyatoa labda utaishi.

Nimezunguka na neno hilo siku nzima, Shangazi. Nilikuwa nawaza, nani atamwambia Baba? Nimwendee mtu ambaye ameanza kucheka juzi tu, nimwambie ninataka kukichuma kile kinachomchekesha? Tena kwa labda? Na mimi ni nani hapa, mtoto ambaye hata kikombe chake hakijui? Nilifikiri ninyamaze. Ungekufa wenyewe, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilishawahi kusimama mlangoni nikanyamaza. Siku ile kusema kusingebadili chochote, najua, ulikuwa moyo wako. Huu ni mti. Huu bado una labda.

Jana nilikwenda kibandani kwake. Alikuwa amezamisha mpira wa tairi kwenye beseni la maji, anauzungusha, anatafuta povu mahali penye tundu. Nikamwamkia. Nikasimama. Nikaendelea kusimama. Akauliza, "Zai, umetumwa?" Nikasema hapana. Kisha nikasema yote kwa mkupuo, nikiyaambia maji ya beseni, mizizi, sabuni ya msibani, mwalimu, maua. Sijui kama hata nilipumua.

Baba aliendelea kuuzungusha ule mpira. Povu lilikuwa limeshatoka, limepita, naye hakuliona. Mwishowe akasema, "Yaani mti nao?"

Akakausha mikono kwenye suruali. Akatazama barabara, malori yanapita. Akasema, "Siku ile ya jogoo, mimi nilijua. Nilipokuwa nakimbia kwenda sokoni nilikuwa najua. Nilikimbia ili nisikae pale kumtazama."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia. Maneno yalikuwa mawili tu: mimi pia. Badala yake niliuinua mpira wa tairi kutoka majini. Nadhani ndiyo sababu nimekuandikia wewe kwanza, kama mtu anayejaribu sauti yake kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Baadaye akasema, "Nipe mpaka kesho. Kesho Jumapili sifungui." Nikasema sawa.

Leo asubuhi mapema, kabla hatujaanza, nimekaa chumbani na mndimu uko karibu nami, maana usiku ulilala ndani. Unanukia hata nikifunga macho. Ni mzuri, Shangazi. Sijawahi kuuona mzuri hivi na ninauchukia uzuri wake.

Sasa nakuaga. Siku ile sikukuaga kwa sababu kila mtu alikuwa anafurahi, na kukuaga kungekuwa kama kukuombea ufe. Basi nakuaga leo, kwa kuchelewa. Mungu akurehemu, akupanulie pumziko lako na akutilie nuru. Asante kwa kunichukua. Asante kwa kunisikiliza nilipokutajia sehemu za ua, ilhali ulikuwa unazijua kwa vidole. Nakuahidi kwamba mndimu ukipona nitautoa nje polepole kama inavyotakiwa, na nitamwomba Baba tuutengenezee kizimba cha wavu ili nyani wasiufikie nao ulione jua. Na ukifa, nakuahidi sitasema kwamba aliyekufa ni wewe. Wewe tulishakuzika, kwa heshima, na watu walijaa. Sitakuzika mara ya pili kwenye ndoo. Na nitamwambia Baba yale maneno mawili. Sijui lini, ila nitamwambia.

Mwanao,
Zainabu

Jumapili hiyohiyo, jioni. Naongeza.

Tulianza baada ya chai. Baba alitandika gunia uani na kuuweka mndimu juu yake, akalishika shina ili lisitikisike. Mimi nikaanza na maua ya juu, nayakata kwa kucha. Mwanzoni yeye alitazama pembeni. Kisha akaanza kusaidia kwa mkono mmoja, na kwa kuwa vidole vyake haviishi weusi wa mpira, kila ua aliloligusa lilibaki na alama. Mama alikuja mlangoni, akasimama, akarudi ndani. Shabani akauliza, "Na ndimu zangu je?" Tukaendelea kuchuma. Baadaye Baba akamwambia, "Mpaka meno yako ya mbele yaote. Sasa hivi utaumia fizi." Shabani akaenda kujitazama kwenye kioo.

Maua yalipokwisha, Baba aliilaza ndoo, akaigonga pembeni, tukauvuta mti taratibu. Mizizi mingi ilibaki kwenye udongo. Nilikata iliyooza kwa wembe tuliouchemsha, mpaka nikafika penye weupe. Ilibaki michache, mirefu kama mkono wangu. Niliisuuza kwa maji safi. Tukaosha ndoo, Baba akaongeza matundu chini kwa msumari wa moto. Mama Kulwa alitupa samadi ya zamani iliyokwisha kuwa udongo, nikaichanganya na mchanga na udongo wa juu wa shambani. Tukaupanda, nikapunguza matawi mpaka ukabaki kijiti chenye panda tatu. Nikautia maji mara moja, yakapita chini yakaisha. Nimewaambia wote asiuguse mtu mwingine kwa maji mpaka nitakaposema, hata kwa chai. Nilisema kwa sauti, Mama akanitazama.

Baba alikunja gunia lenye maua akalipeleka nyuma ya nyumba kwenye shimo la mbolea. Alikaa huko kidogo. Aliporudi mndimu ulikuwa umeshawekwa chumbani, karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Akaniuliza tutajua lini. Nikamwambia likitoka jani. Akauliza, "Moja?" Nikasema moja linatosha. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kigoda akakaa pale. Nami nikakaa chini, mgongo ukutani. Mama alipotuita kula tulinawa tukaenda.